Fundi wa Kupigwa Jumamosi

Jumamosi ile, kama Jumamosi nyingine zote, fundi makochi alipigwa. Alipigwa kiwiko cha koo, akapigwa goti la tumbo, akakanyagwa kidole gumba, na binti mmoja mwenye vishungi viwili akamrukia mgongoni, akamvuta helmeti mpaka shingo ikalia. "Hivyo hivyo!" fundi akapiga kelele toka ndani ya helmeti. "Usinipapase, mimi si mtoto wako mchanga! Piga!" Na yule binti, mtoto wa watu mwenye adabu zake, aliyefundishwa tangu anatambaa kuwaheshimu wakubwa, akapiga.

Walimwita Sponji, kwa sababu ya kazi yake. Karakana yake ilikuwa uchochoroni nyuma ya maduka ya vitambaa: chumba kimoja kirefu chenye mlango wa bati, na ndani mifupa ya makochi ya watu imelala ubavu, imechunwa ngozi, springi zimechomoza. Alikuwa na nyundo ndogo yenye kichwa cha sumaku, mkasi wa turubai ambao hakuna mtu aliyeruhusiwa kuugusa, sindano ndefu za kupenya mto upande mpaka upande, na mdomo uliojaa misumari midogo. Ndivyo alivyofanya kazi. Msumari unaletwa kwenye ncha ya ulimi, sumaku inaudaka, nyundo inagonga, na mwingine tayari uko njiani. Ukimkuta kazini, msalimie ukipenda, ila jibu usilisubiri. Akishatema msumari wa mwisho, hapo ndipo utakaposikia maneno, na wateja wengi walitamani arudishe misumari mdomoni.

Ufundi aliupata kwa mjomba wake, na mjomba alifundisha kwa mkono. Msumari ukienda upande, nyundo ilishuka vidoleni. Vifundo vya mkono wake wa kushoto havikunyooka tena hadi leo. Hakuwahi kumjibu mjomba hata neno moja. Alidhani ndivyo kazi inavyoingia mwilini. Baadaye akaolewa, na mume naye alikuwa na mawazo ya namna hiyo kuhusu ndoa. Mara ya kwanza aliinua mkono jikoni. Mara ya pili akauinua karakanani, na hapo, maskini, alikosea chumba. Sindano ndefu iliingia pajani na kutokea upande wa pili. Mwanamume alitoka anachechemea na hakurudi hata kuchukua viatu. Sponji akisimulia hayo hucheka mpaka machozi yamtoke, halafu ghafla anaanza kutafuta mkasi ulio mkononi mwake.

Sasa aliingiaje kwenye biashara hii ya kupigwa? Ukumbi wa mtaa ulikuwa na mradi wa wasichana. Msimamizi wake, mwanamke mwembamba wa miwani ambaye kila mtu alimwita Mratibu, alifika karakanani kutafuta magodoro machakavu. Akaeleza kwamba wasichana wanafundishwa kusimama mbele ya wenzao na kusema jambo likasikika, kumtazama mtu machoni, kugombana na kupatana bila kununiana, kuomba msaada, kukataa.

"Na magodoro ya nini, dada?" Sponji akauliza. "Wanakataa wakiwa wamelala?"

Mratibu akacheka. "Wanajifunza pia kujinasua mtu akiwakamata. Shida ni huyo wa kuwakamata. Tulimweka mlinzi wa ukumbi. Siku ya kwanza goti la binti mmoja lilimpata pale ambapo mwanamume hapendi kupatikana, na tangu hapo anakaa getini tu, hataki kusikia."

"Mtu mzima huyo, analia kwa goti la mtoto?" Sponji akatema msumari mkononi. "Nitakamata mimi."

Akashona vazi mwenyewe kwa masalio ya karakana: sponji nene ya kukalia kifuani, nyembamba mikononi, turubai juu, kamba za kochi zikibana kiunoni, na helmeti ya pikipiki iliyozungushiwa mto. Alipolivaa mara ya kwanza wasichana walianguka kwa kicheko, maana kweli alikuwa kochi lililoamka na kwenda matembezini. Kicheko kilikwisha alipomkaba wa mbele. Sponji hakujua kukamata kwa mzaha. Alikaba kama alivyowahi kukabwa, na mabinti wakaelewa kwamba mchezo huu una meno.

Kupigana kwenyewe kulikuwa sehemu ndogo tu ya mchana. Kwanza walikaa duara wakasemeshana. Halafu waliigiza: huyu mwenye duka anayemshika mteja mkono, huyu shangazi anayemtuma mtoto kila siku saa za shule, huyu rafiki aliyetoboa siri. Mratibu hakuwataka waeleze lililowasibu. "Nioneshe," alisema. "Wewe kaa hapa, wewe simama pale, alikushikaje, ulifanya nini?" Walioneshana hivyo mpaka wakawa mafundi. Msichana aliyeshindwa kulitamka jambo alilionesha, na wenzake wakalijua.

Na kulikuwa na sheria moja. Mwanzoni kabisa, binti mrefu mwenye kidomodomo, ambaye kwa haki kabisa aliitwa Domo, alimwangusha Sponji akaendelea kumshindilia magoti ubavuni huku Sponji akilia ndani ya helmeti, na nje wakidhani anawatia moyo. Ubavu mmoja ukavunjika. Fundi alifanya kazi wiki nzima ameinama upande, akimtukana Domo, akimtukana mlinzi, akimtukana na aliyegundua magoti. Alipopata nafuu akadai sheria. Mshambuliaji akisema "basi", unaachia palepale, unarudi nyuma, unainua viganja juu. Palepale! Anayechelewa anazunguka ukumbi mbio. Mratibu aliipenda sana, akasema nguvu isiyo na breki ni hatari kwa mwenyewe. Wakaizoea hivi kwamba viganja vilipanda juu kabla kichwa hakijafikiri, na Sponji alijisifu kwa hilo mtaani.

Katika kundi hilo kulikuwa na binti waliyemwita Mnong'ono. Alikuwa mtoto wa dobi aliyefua nguo za watu kwenye ua wa nyumba za kupanga, na alipokuja mara ya kwanza alisema jina lake kwa sauti ambayo hata kola yake haikuisikia. Akikabwa, alilegea. Alifumba macho akangoja yaishe, na Sponji, aliyeshika koo lile jembamba, alikujua kungoja kule. Ndivyo naye alivyowahi kungoja mkononi mwa mjomba.

"Mwanangu," alimwambia, helmeti kapakata, "ukilegea mimi nachoka kukubeba. Nipige nipumzike."

Ilichukua miezi. Kwanza alijifunza kufungua macho. Halafu akajifunza kusema "niache", kisha kulisema kwa kelele, kisha kulisema akiwa ameshika kidole kidogo cha mwenzake na kukikunja nyuma. Alianza kukaa karibu na Domo. Ikafika siku akamgombeza Domo mbele ya wote kwa kumkatiza maneno, na Domo, hebu fikiria, akaomba radhi. Jumamosi moja alimwangusha Sponji chali, jino la fundi likaruka. Sponji alitoka kwenye helmeti damu kidevuni, anacheka, analionesha jino huku na huku. Aliporudi karakanani alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata kwa kochi lolote.

Nyumbani kwa Mnong'ono kulikuwa na kaka. Huyo mtaa ulimwita Nondo. Alipakia saruji kwenye ghala, mabega hayo, na pesa ya wiki ikimwishia alikuja kwa mama yake kuchukua ya kufua. Akinyimwa alipiga. Dobi alikuwa na namna ya kufunga kitambaa kinachoficha jicho, na wanawake wa uani walikuwa na namna ya kutoona. "Ni kifunguamimba wangu," alisema dobi. "Ana hasira za baba yake, lakini moyo anao." Moyo gani huo, jamani, unaokaa kwenye ngumi?

Asubuhi moja katikati ya wiki Domo alifika karakanani mbio, hana viatu. Sponji alikuwa na misumari mdomoni.

"Shangazi, Mnong'ono yuko hospitali. Taya."

Misumari ilimwagika sakafuni. Hakuiokota.

Wodini yeye, Domo na Mratibu walimkuta Mnong'ono amekaa kitandani, uso umevimba mpaka macho yamekuwa mistari. Taya lilikuwa limevunjika pande zote mbili, na daktari alikuwa ameyafunga meno ya juu na ya chini pamoja kwa waya ili mfupa uunge. Atakunywa maziwa na supu kwa mrija. Kusema atasema, ila kwa meno yaliyofungwa, na kwa uvimbe ule haikutoka zaidi ya mngurumo. Baada ya miezi yote ile ya kuitafuta sauti yake! Dobi alikuwa amekaa kando ya kitanda akikunja na kukunjua shuka.

"Aliteleza," akasema kabla hajaulizwa. "Sabuni. Ua ulikuwa na sabuni."

Sponji hakumtazama. Alimtazama binti. Mnong'ono naye akamtazama, machoni kabisa, kama alivyofundishwa. Kisha akainua mikono yake taratibu, viganja vikielekea mbele, akajivuta nyuma kidogo kwenye mto.

Fundi alilielewa hilo mara moja, na laiti asingelielewa.

"Ulikuwa umemshika," akasema polepole. "Ulimweka chini. Akasema basi?"

Binti akaitikia kwa kichwa.

"Ukaachia."

Akaitikia tena. Machozi yalimtoka, na ilikuwa dhahiri kwamba ana aibu. Aibu yeye!

Sponji alitoka wodini akapiga ukuta wa korido ngumi mpaka muuguzi akaja. Mratibu akamshika kiwiko. "Nitalichoma lile vazi," Sponji akasema. "Nitalichoma moto na mimi nikiwa ndani. Ni mimi niliyemfundisha kumwachia, dada. Kwa ajili ya ubavu wangu mmoja! Mjinga mimi, mpumbavu mkubwa!"

"Sikiliza. Domo ameongea na jirani yao. Nondo alikuwa anamkaba mama yao mpaka ulimi unatoka. Ni huyu binti aliyemtoa. Mwaka jana angefumba macho, na leo tungekuwa tunamzika dobi."

"Na leo analishwa kwa mrija!"

"Ndiyo," Mratibu akasema. "Tulikosea. Wote wawili. Lakini usimfanye aone kwamba kumwokoa mama yake lilikuwa kosa."

Maneno hayo yalikuwa mazuri, na Sponji angeyasikia kama masikio yake yasingekuwa yamejaa damu. Alipita karakanani, akachukua nyundo, akaenda ghalani.

Nondo alikuwa juu ya lori, mweupe kwa saruji kuanzia nywele hadi vidole. Alimwona mwanamke mfupi mnene anakuja na nyundo ndogo, akacheka. Sponji alipanda lori kwa upande, hakuna aliyejua vipi kwa umri ule, na nyundo ikamwingia begani. Nondo alilia kilio cha mtoto. Ya pili ikampata mkononi. Ya tatu haikupatikana, kwa sababu Nondo alimshika fundi nywele na mkanda, akamtupa chini kutoka kwenye lori. Alianguka juu ya mifuko, mfuko ukapasuka, vumbi likamjaa macho na koo. Nondo akaruka akamfuata. Hakukuwa na sponji ya kukalia kifuani, hakukuwa na helmeti. Kila teke liliingia lilikotumwa. Sponji alimng'ata kifundo cha mguu akang'ang'ania, akaburutwa naye sakafuni, mpaka wapakiaji wengine wakawarukia na kuwatenganisha.

"Mwanamke kichaa!" Nondo alihema, anashika bega. "Nakupeleka polisi!"

Na kweli akampeleka. Hapo ndipo alipojiona mwerevu. Alikuwa na bega lililovimba, ana mashahidi, ana ile nyundo mkononi kama ushahidi. Sponji aliletwa kituoni kavimba mdomo, mweupe kwa saruji, damu imechora mistari shavuni. Zamu ilikuwa ya koplo mwenye tumbo na sura ya mtu aliyechoka na ndoa za watu.

"Mama, umempiga huyu kijana kwa nyundo?"

"Nimempiga. Na nyundo ingekuwa kubwa ningempiga zaidi. Kamvunja taya mdogo wake."

"Mdogo wangu aliteleza," Nondo akasema. "Muulize mama yangu."

Koplo akaguna, akatuma mtu hospitali. Akaliweka jambo wazi kwa wote wawili: kama dobi na binti watasema ni kuteleza, kijana anakwenda zake nyumbani, na fundi analala ndani kwa kujeruhi. Nondo akajinyoosha kwenye benchi. Sponji, kwa mara ya kwanza siku ile, akaogopa. Kulala ndani aliona si kitu. Kilichomtisha ni kwamba daktari alikuwa amesema binti anaruhusiwa leo hii, na leo hii angerudi kwenye ua uleule, kwa huyuhuyu, na meno yamefungwa waya hata kelele hawezi.

Wakaja. Dobi mbele, kitambaa usoni, Mnong'ono nyuma na kichwa kimezungushiwa bandeji, Mratibu kamshika mkono. Nyuma yao wakajaa wasichana wa mradi, wakabanana dirishani na mlangoni, Domo amewapita wote kimo. Askari mmoja alijaribu kuwafukuza. Wakamtazama tu machoni, akarudi kukaa.

"Mama," koplo akamwambia dobi, "huyu mtoto kaumiaje?"

Dobi alimtazama Nondo, akayatazama mabega yake. "Aliteleza, afande. Sabuni."

"Na wewe binti?"

Mnong'ono akajaribu. Kilichotoka puani na kwenye upenyo wa meno hakikuwa neno. Akajaribu tena, bandeji ikalowa mate na damu kidogo. Koplo akatikisa kichwa, kwa huruma pia.

"Sikuelewi, mwanangu. Mama yako amesema. Basi tuishie hapo."

"Afande," Mratibu akasema, "muache aoneshe."

"Aoneshe nini? Hapa si ukumbi wa maigizo."

"Si umesema humwelewi? Muache aoneshe, utaelewa."

Koplo alikuwa tayari amenyanyuka, lakini binti hakumngoja. Alimwita Domo kwa kidole. Domo akapenya kati ya askari, akakaa alipooneshwa, sakafuni, na Mnong'ono akavua kitambaa chake mwenyewe cha begani akamfunga Domo kichwani vile anavyofunga dobi. Halafu akamshika Sponji mkono, akamwinua kwenye benchi na maumivu yake yote, akamsimamisha nyuma ya Domo, na kuvichukua vile vidole vilivyopinda akaviweka kimoja kimoja kwenye koo la Domo. Akambonyeza: kaza. Sponji akakaza. Akajua yeye sasa ni nani.

Domo alitoa ulimi nje. Miguu yake ikasugua sakafu. Dobi akatazama pembeni.

Mnong'ono akaja kutoka nyuma. Alikamata kidole kidogo cha Sponji, akakikunja, akauzungusha mkono, goti nyuma ya goti, na fundi akaenda chini kifudifudi kwenye sementi baridi, na mbavu zilizopigwa ghalani zikamlilia. Goti la binti likamkaa mgongoni. Askari mmoja kwenye kona akasema "Ee!" bila kujua kama amesema. Nondo alikuwa ameacha kujinyoosha.

Kidole kikamgusa Sponji mdomoni. Sema.

Hakutaka kulisema. Alikuwa amelisema Jumamosi nyingi bila kufikiri. Kidole kikamgusa tena, kwa nguvu.

"Basi," Sponji akasema. "Basi, basi."

Goti likaondoka. Mnong'ono akarudi nyuma, viganja juu, akakaa hivyo muda wa kutosha kila mtu aone. Kisha akamwinua Sponji magotini, akamnyanyua mikono yake juu, viganja mbele, na fundi akafahamu kwamba sasa yeye si Nondo tena. Sasa yeye ndiye binti. Mnong'ono akaenda nyuma ya meza ya koplo, akachukua stuli ya mbao, akaishika miguu miwili, akaiinua.

Sponji aliyatazama macho ya juu yake. Alikuwa amepigwa na msichana huyu mara nyingi, akalijua kila goti lake, lakini uso huu hakuujua. Ulikuwa wa kaka mtu. Stuli ilipanda nyuma ya bega na kuanza kushuka, na fundi, ambaye hakuwa na kitu mwilini ila gauni na saruji, hakuwa na hakika hata kidogo kwamba itasimama. Hakushusha mikono.

"Usoni!" dobi akapiga yowe. "Alimpiga usoni, hivyohivyo, mtoto kanyoosha mikono! Alikuwa kakuachia, Nondo! Alikuachia, mwanangu, akarudi nyuma, ukampiga usoni!"

Stuli ilisimama upana wa kiganja kutoka shavuni kwa Sponji.

Na Nondo, bila kufikiri, bila kukumbuka yuko wapi, akafanya lile ambalo mkono wake ulikuwa umezoea. Aliruka toka kwenye benchi akamzaba mama yake kofi lililomtupa kwenye kabati. "Nimekwambia funga mdomo!"

Koplo alikuwa na tumbo, lakini alikuwa mwepesi. Yeye na askari wawili walimlaza Nondo pale pale alipokuwa amelala Sponji, pingu zikalia, akatukana mpaka mlango wa chuma ulipofungwa nyuma yake, na hata baada ya hapo. Dobi aliulizwa tena, kwa utaratibu, na safari hii akajibu yote, akitazama mikono yake. Sponji akaambiwa aripoti asubuhi kwa habari ya nyundo. "Usije nayo," koplo akasema. Hakuna aliyecheka.

Nje jua lilikuwa bado kali. Wasichana walimzunguka Mnong'ono, wakimshika mabega, Domo analia na kuongea kwa pamoja. Sponji alikaa ngazini. Dobi akatoka. Alisimama mbele yake, shavu lina alama za vidole vinne.

Kisha akampiga. Kofi la mwanamke anayekamua mashuka, la mkono mzima, na kichwa cha Sponji kikageuka.

"Mwanangu wa kwanza yule," dobi akasema. "Nilimbeba mgongoni nikifua. Umenichukulia mwanangu!" Akainua mkono tena, na Sponji hakujikinga wala hakusema "basi".

Mnong'ono aliwahi kuufikia ule mkono. Aliushika kifundoni, hakuukunja wala kuuzungusha, aliushika tu mpaka ukashuka, huku akimtazama mama yake machoni. Dobi alijaribu kuangalia chini. Binti akainama ili amtazame hata huko chini.

"Mama," akasema kwa meno yaliyofungwa, taratibu, neno moja moja, na safari hii wote walimsikia. "Twende nyumbani."

Wakaenda, dobi kaegemea bega la mtoto, kitambaa kimemwangukia shingoni na hakukirudisha. Sponji alibaki ngazini. Shavu lilimwaka mpaka jioni, na hakulipaka chochote.